Van Vleck, John Hasbrouck (1899–1980)

Mwanafizikia wa nadharia wa Marekani, aliyeiweka ilimu ya usumaku juu ya misingi ya kwanta. Wenziwe walimwita, na kwa haki, baba wa usumaku wa kisasa.

Nasaba na masomo

Alizaliwa Middletown, Connecticut, tarehe 13 Machi 1899, mwana wa mwanahisabati Edward Burr Van Vleck. Alipata udaktari Harvard mwaka 1922, akasomesha Minnesota na Wisconsin, kisha akarejea Harvard mwaka 1934, akadumu huko hadi alipostaafu mwaka 1969.

Kazi yake juu ya usumaku

Pierre Curie alikuwa amekwisha kubainisha kwamba vitu vingi vinavyovutwa na sumaku kwa udhaifu hupungukiwa na mvuto huo kadiri joto linavyozidi. Walakini palikuwa na vitu vilivyoiasi kanuni hiyo, wala sababu yake haikujulikana, hata Van Vleck alipodhihirisha kwa hesabu za kwanta kwamba uga wa sumaku huichanganya hali ya chini ya atomu na hali zilizo juu yake, na kwamba mchanganyiko huo waweza kuzaa usumaku usiobadilika kwa joto wala kwa baridi, ambao hadi leo hunasibishwa na jina lake. Kwa njia hiyo yeye na Amelia Frank walilifumbua mwaka 1929 tatizo la samari na europi, elementi mbili zilizokaidi hesabu za Friedrich Hund, ilhali utabiri wa Van Vleck juu ya gesi ya oksidi ya nitriki ulisadikishwa na vipimo vya maabara. Hayo aliyakusanya mwaka 1932 katika kitabu adhimu juu ya athari za umeme na sumaku katika maada, ambacho wanafunzi wa taaluma hiyo walikitegemea kwa miongo mingi. Aliistawisha pia nadharia ya uga wa fuwele, iliyoasisiwa na Hans Bethe, ambayo wanakemia huitumia kueleza rangi na usumaku wa chumvi za metali.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia

Alihesabu jinsi mvuke wa maji unavyoyanyonya mawimbi ya rada ya takriban sentimita 1.25.

Wanafunzi na tuzo

Miongoni mwa aliowasimamia ni Thomas Kuhn, aliyekuja kuwa mwanahistoria wa sayansi, na Philip Anderson, ambaye alishirikiana naye na Nevill Mott katika Tuzo ya Nobel ya mwaka 1977, hidaya iliyomfikia mwalimu huyu akiwa na umri wa miaka 78, ingawa kazi iliyomstahilisha ilikuwa imekamilika tangu ujana wake. Alifariki Cambridge, Massachusetts, tarehe 27 Oktoba 1980.