Mbasa na Trauti: Samaki Wapandao Mito

Sisi tukaao Tukuyu twaijua baridi ya maji yetu. Mto Kiwira washuka kutoka milimani, wapita chini ya Daraja la Mungu, kisha waenda zake hata Kyela na kuingia katika Ziwa Nyasa. Huku juu wavuvi ni wachache, basi twadhani ya kuwa habari za samaki ni za watu wa ziwani tu. Lakini historia yatufundisha vingine, nasi twataka kuieleza kwa habari za samaki wawili.

Wa kwanza ni trauti, samaki apendaye maji safi ya baridi. Katika Afrika ya Mashariki yeye ni mgeni. Mwaka 1905 Mwingereza Ewart Grogan alileta mayai ya trauti kutoka Loch Leven, katika nchi ya Uskoti, ili samaki hao wakae katika mto Gura, kwenye milima ya Nyandarua huko Kenya. Walowezi walitamani mchezo wa kwao wa kuvua kwa ndoana. Baadaye trauti walifika nchini mwetu pia, na mito ya Mufindi inao.

Mwaka ule ule wa 1905, Kenya ilipokuwa ikipokea trauti wa kigeni, watu wa Nevada huko Marekani walianza kuwapoteza trauti wa asili. Katika Ziwa Pyramid, penye kabila la Wapaiute, walikuwako trauti wakubwa sana. Kila mwaka waliupanda mto Truckee ili kutaga mayai. Ndipo serikali ilipojenga ukuta mtoni, ikayageuza maji yaende mashambani. Ziwa likapungua, na njia ya samaki ikafungwa. Haikupita miaka 40, trauti wale wakatoweka ziwani.

Lakini zamani mtu alikuwa amewachukua wachache na kuwatia katika kijito kidogo cha mlima Pilot Peak, mbali na ziwa lile. Katika miaka ya 1970 wataalamu wakawagundua huko. Mwaka 2006 uzao wao ukaanza kurudishwa katika Ziwa Pyramid, na mwaka 2014 wakaonekana wakitaga mayai katika mto Truckee, mara ya kwanza tangu 1938. Basi kijito kile kilikuwa ghala ya mbegu, wala hakuna aliyejua.

Samaki wa pili ni mbasa wetu. Si wa ukoo wa trauti, ila mwendo wake ni kama wa trauti wale wa Nevada. Hukaa ziwani akila usipa na samaki wengine wadogo, na majira ya mvua hupanda mitoni kutafuta changarawe safi, atage mayai yake. Wazungu walipomwona walimfananisha na samoni wa kwao. Wataalamu wa dunia wamemwandika katika orodha ya viumbe walio hatarini. Adui zake wajulikana: nyavu zinazotandwa vinywani mwa mito wakati apandapo, na tope lifunikalo changarawe.

Tope hilo latoka wapi? Si ziwani. Latoka mashambani kwetu sisi wa juu, tulimapo hata ukingoni mwa maji na kukata miti ishikayo udongo. Mvua moja kubwa yatosha kuupeleka udongo huo Kyela. Hivyo mtu wa Rungwe asiyeshika wavu maisha yake yote aweza kumwua mbasa kwa jembe.

Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi ziwezazo kuharibu kingo za mito katika mita 60 kutoka majini. Wako waionao kuwa kunyang'anywa shamba, nasi twajua ardhi yetu ni haba. Lakini tufikiri: trauti wa Nevada alikuwa na kijito cha akiba, mbasa hana. Yeye hapatikani duniani ila katika Ziwa Nyasa na mito yake. Mayai ya trauti yaliagizwa Uskoti. Ya mbasa tutayaagiza wapi?

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mbasa, hata ukuta hatutaweza kuujenga, maana mawe yake hayapatikani penginepo. Basi na tuzibe ufa sasa, kila mtu katika ukingo wa shamba lake.