Seva iliyosalitiwa na joto lake

Kompyuta ikibebeshwa kazi nyingi huchemka. Ikichemka, fuwele ndogo inayopigisha saa yake ya ndani hubadili mwendo, kiasi kidogo mno hata mwenyewe asijue. Mwaka 2006 Steven Murdoch wa Chuo Kikuu cha Cambridge alionyesha kuwa badiliko hilo latosha kuifichua seva iliyojificha. Aliirundikia kazi, akaiacha ipoe, akairundikia tena, huku akizisoma kwa njia ya wazi saa za kompyuta alizozishuku. Ile ambayo saa yake iliyumba kwa kufuata vipindi vya kazi, ndiyo hiyo.

Maficho yenyewe yalikuwa bado machanga. Miaka ya 1990, katika Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, Paul Syverson, Michael Reed na David Goldschlag walibuni njia ya kuufunika ujumbe maganda ya siri, tabaka juu ya tabaka kama kitunguu. Aliyefichwa zaidi hapo alikuwa mtumiaji. Mwaka 2004 Syverson, Roger Dingledine na Nick Mathewson walipoueleza mtandao wa Tor, uliojengwa juu ya njia hiyo, tovuti nayo ilikuwa imepata pa kujistiri. Tovuti ya kawaida anwani yake ya namba hujulikana, na anayeijua aweza kuifurikisha maombi mpaka izimike, au kuifuata hadi chumba ilimo.

Utaratibu wa Tor ni wa posa kabisa. Seva huteua vituo vichache vya mtandao viwe washenga. Mgeni haendi nyumbani. Huchagua kituo cha kukutania, akampa mshenga habari aifikishe, na kila upande ukafika hapo kwa njia ya kuzunguka. Mshenga huyu hajui nyumba ya aliyemtuma. Wa kwetu hujua hata madeni ya babu.

Mwaka huohuo wa 2006 Syverson, pamoja na Lasse Øverlier wa Norwei, aliutoboa mfumo aliousaidia kuujenga; uungwana huo si wa kila fundi. Kila mgeni alipobisha, seva ilibahatisha njia mpya. Basi adui mwenye kituo kimoja tu angebisha na kubisha, mpaka kituo chake kiangukie kuwa jirani wa kwanza wa seva. Kazi ya dakika chache, au saa kadhaa. Dawa ikawa seva kushikamana na majirani wa kwanza wachache, mabawabu wake, bila kuwabadili ovyo.

Baadaye vyumba vya habari vilipokea nyaraka kupitia seva hizo zilizofichwa, na wauza dawa za kulevya wakafungua soko humohumo.

Lakini asiyeijua nyumba bado aweza kumchosha mshenga kwa kubisha, wala huwezi kumfungia njia, maana naye anwani yake imefichwa. Agosti 2023 Tor ikaleta fumbo la hesabu: seva ikielemewa, kila mgeni hufumbua kwanza, na wanaobisha wakizidi, fumbo huwa gumu zaidi. Mgeni mmoja husubiri kidogo tu. Anayebisha mara elfu kumi, kompyuta yake ndiyo inayochemka sasa.