Kutoka Toi hadi Embakasi: Historia ya Kusindikizana

Ukiingia Soko la Toi la mitumba, Nairobi, kutoka upande wa Adams Arcade, utapita viatu na sweta za watoto kabla ya kuyafikia masanduku ya safari. Yamepangwa madogo juu ya makubwa, na baadhi bado yana kikaratasi cha shirika la ndege kwenye mpini. Mnunuzi mzoefu huvuta zipu hadi mwisho na kuirudisha, hupandisha na kushusha mpini, kisha hulikokota sanduku juu ya udongo wa soko kusikiliza magurudumu. Akishalipa, hubandua stika zote za zamani. Mistari myeusi ya stika hizo husomwa na mashine, na stika ya safari ya mtu mwingine yaweza kuuchanganya mtambo unaopanga mizigo.

Masanduku hayo huchukuliwa na msichana anayeenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani, mwanafunzi aliyepata nafasi ng'ambo, au nyanya anayekwenda kumwona mjukuu aliyezaliwa Marekani. Ni watu wanaopanda ndege kwa nadra, pengine mara moja tu maishani. Kwa watu wa mitaa ya karibu kama Kibera na Kawangware, safari ya namna hiyo haijawahi kuwa ya mtu mmoja: msafiri husindikizwa. Lakini mahali pa kuagana pamekuwa pakirudi nyuma kwa miongo mingi.

Kibera na ndege ni majirani wa zamani. Wanubi, wazao wa askari wa Sudan walioitumikia King's African Rifles, walikuwa wameshaweka makazi Makina na vitongoji vingine vya Kibera pale Florence Kerr Wilson alipoanzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929. Jina lake ndilo lililobaki kwenye uwanja ulio ng'ambo ya Kibera, ambako ndege ndogo hupaa hadi leo. Mwaka 1931 shirika la Uingereza, Imperial Airways, lilianza kuleta ndege zake Afrika Mashariki. Siku zile abiria alipandishwa mizani pamoja na mzigo wake, maana kila kilo ilihesabiwa. Waliopanda mizani hiyo walikuwa maofisa, walowezi na matajiri. Mkazi wa Makina aliziona ndege kutoka chini.

Uwanja wa ndege wa Embakasi ulifunguliwa mwaka 1958. Sehemu kubwa ya kazi ya kuujenga ilifanywa kwa mikono ya wafungwa na watu waliozuiliwa wakati wa hali ya hatari, enzi za vita vya Mau Mau. Mwaka mmoja tu baadaye, Septemba 1959, uwanja huo huo uliwatoa wanafunzi 81 waliopata nafasi vyuoni Marekani kwa juhudi za mwanasiasa Tom Mboya na marafiki zake wa huko. Vijijini watu walikuwa wamechangishana nauli na nguo. Katika safari zilizofuata mwaka 1960 alikuwamo abiria aliyekuja kujulikana duniani kote, Wangari Maathai.

Hapo ndipo desturi ya kusindikizana iliposhika mizizi uwanjani. Jamaa walikuja na basi zima, wakavaa nguo za Jumapili, wakaimba, wakaomba, kisha wakapanda kwenye roshani ya kupungia mikono na kumwona mtu wao akitembea hadi kwenye ngazi ya ndege. Wapo waliokwenda Jumapili bila kuwa na msafiri yeyote, kutazama tu ndege zikipaa. Watoto wengi wa Nairobi waliijua roshani hiyo kabla hawajamjua mtu mwenye pasipoti.

Utekaji nyara wa ndege ndio ulioanza kuwatenga wasindikizaji na abiria. Marekani ililazimisha ukaguzi wa abiria wote Januari 1973, na Machi 1974 shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, likapitisha kanuni za usalama kwa nchi wanachama. Nairobi haikuwa mbali na mambo hayo. Januari 1976 walikamatwa watu karibu na uwanja wa Embakasi wakiwa na makombora, wakipanga kuidungua ndege ya Israeli. Julai mwaka huo huo, ndege za Israeli zilizotoka kuwaokoa mateka Entebbe zilitua Nairobi kuongeza mafuta. Jengo jipya la abiria lilipofunguliwa Machi 1978, miezi michache kabla ya kifo cha Mzee Jomo Kenyatta, ambaye uwanja huo ulipewa jina lake, kati ya anayeondoka na anayebaki palikuwa na mlango wenye mlinzi.

Wakati huo mitumba haikuwa imeshamiri. Serikali ilipolegeza masharti ya uagizaji mapema miaka ya 1990, marobota yalimiminika, na Toi ikawa mojawapo ya masoko makubwa ya Nairobi. Soko hilo liliteketea katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, likajengwa upya, na moto umerudi tena na tena, ukiwemo ule wa Oktoba 2024. Kwa msafiri soko hili lina faida moja ya ajabu. Makoti mazito ya baridi, ambayo Nairobi hayana kazi isipokuwa labda Julai, husubiri hapo mtu anayekwenda Toronto au London. Koti lililotupwa Ulaya hufunguliwa kwenye robota Kibera, likachaguliwa kama kamera, yaani daraja la kwanza, likarudi Ulaya mgongoni mwa Mkenya. Hata sanduku la magurudumu ni jambo la juzi: Bernard Sadow alipata hataza yake Marekani mwaka 1972. Wale 81 waliibeba mizigo yao mkononi.

Baada ya mashambulio ya Septemba 2001 nchini Marekani, masharti yaliongezeka kwa kasi. Desemba mwaka huo mtu alijaribu kulipua ndege kwa kiatu chenye vilipuzi, na abiria wakaanza kuvua viatu. Tarehe 28 Novemba 2002, hoteli ya Paradise ilishambuliwa huko Kikambala, na makombora mawili yakaikosa ndege ya Arkia iliyokuwa imetoka tu kupaa Mombasa. Mwaka 2003 British Airways ilisimamisha safari zake za Kenya kwa wiki kadhaa. Mwaka 2006 njama ya kulipua ndege iliyogunduliwa London ilileta kikomo cha mililita 100 kwa vitu vya majimaji kwenye begi la mkononi. Tangu hapo chupa ya asali ya shangazi huingia kwenye sanduku kubwa, ama hubaki mikononi mwa mkaguzi.

Agosti 2013 moto uliteketeza ukumbi wa wanaowasili wa uwanja wa Jomo Kenyatta, na mwezi uliofuata jengo la maduka la Westgate likashambuliwa. Katika miaka ya ulinzi mkali iliyofuata, abiria walishushwa garini barabarani, mbali na jengo, wakapita kwenye mashine kwa miguu huku dereva akikaguliwa na gari lake. Mlangoni wakaonyesha pasipoti na tiketi, wakavua mikanda na viatu, wakapima sanduku kwenye kaunta, wakapita uhamiaji, kisha wakakaguliwa mara nyingine karibu na ndege. Hatua hizo zilikuwa sehemu ya bei ya safari ya moja kwa moja kwenda New York, iliyoanza Oktoba 2018.

Mgeni wa uwanja wa ndege leo si mgeni wa ukaguzi, hata hivyo. Ameshapapaswa na walinzi wa maduka makubwa ya Barabara ya Ngong. Kama aliwahi kupanda treni ya Mombasa, iliyoanza kubeba abiria 2017, alipanga begi lake kwenye mstari na kusubiri mbwa alinuse.

Kilichobadilika zaidi ni kuaga kwenyewe. Maombi na chai vimerudi nyumbani, jioni ya kuamkia safari, na picha za pamoja hupigwa uani. Mizani ya kuning'iniza huazimwa kwa jirani, na kilo 23 hubishaniwa mpaka usiku: pakiti ngapi za unga, majani ya chai kiasi gani. Watakaokwenda Embakasi huchaguliwa wawili: mmoja anayeijua njia, na mwingine atakayerudi na mfuko wa vitu vilivyokataliwa kwenye kaunta.