Mbiu, Mjumbe na Maltikasti

Ukitaka kumweleza mtu maltikasti, yaani njia ya mtandao ya kupeleka data ileile kwa wapokeaji wengi kwa pamoja, mfano wa kwanza kukujia ni mbiu ya mgambo. Pembe inalia mara moja, kijiji kizima kinasikia. Lakini huo ni mfano wa redio. Mbiu humfikia mwenye haja na asiye na haja.

Ndugu halisi wa maltikasti ni mjumbe wa msiba. Mtu akifariki kijiji cha Miono, na jamaa zake wako vijiji vya Mandera na Saadani, hatumwi mtu kwa kila nyumba. Mmoja hushika njia ya Mandera, mwingine ya Saadani. Wakifika, wenyeji wa huko ndio hugawana vitongoji. Habari husafiri ikiwa moja, ikazidishwa pale tu njia zinapogawanyika, na nyumba isiyohusika haibishiwi hodi.

Kanuni za namna hiyo kwa intaneti ziliandikwa na Steve Deering, zikatoka Agosti 1989. Kundi la wapokeaji hupewa anwani yake, ambayo namba yake ya mwanzo huwa kati ya 224 na 239. Kompyuta inayotaka kusikiliza huiarifu ruta ya jirani, yaani kifaa kinachoelekeza data njiani, nayo ruta huvuta nakala moja na kuigawa kwenye matawi yenye wahitaji. Wa mwisho akijitoa, tawi hukatwa. Machi 1992 sauti za mkutano wa wahandisi wa intaneti huko San Diego zilifika hivyo katika vituo 20.

Hapa ndipo wawili hawa wanapoachana. Mjumbe wa msiba hurudi na jibu: wamesikia, fulani anakuja, fulani mgonjwa. Maltikasti yenyewe haileti jibu. Mtumaji hajui nani amepokea, na pakiti ya data iliyopotea njiani haidaiwi, mpaka kanuni nyingine ziongezwe. Kwangu mjumbe amemzidi mhandisi hapo, kwa sababu msibani kujua nani amepata habari ni nusu ya kazi.

Lakini katika kubana matumizi ya njia, wote wawili wametushinda sisi wa leo. Watu 40 wakitazama mechi moja kwa simu chini ya mnara mmoja, kwa kawaida mnara hurusha nakala 40. Ni kutuma wajumbe 40 Mandera kwa msiba mmoja. Kanuni za 4G za kurusha nakala moja kwa simu nyingi zipo tayari. Kampuni za simu zianze kuzitumia, na zianzie vijijini, kwenye mnara mmoja na watu wengi.