Tanuru la Wafipa na setilaiti iitwayo Uhuru

Wadau, mwezi wa Julai nilikuwa Sumbawanga kwa bibi. Umeme ukakatika, nikatoka nje na sweta. Baridi ya Ufipa mnaijua! Kundi la nyota la Mshale lilikuwa karibu na utosi. Huko ndiko liliko shimo jeusi la galaksi yetu, zito kama majua milioni 4. Limepoa kabisa. Mbona ya galaksi nyingine yanawaka?

Sehemu ya jibu ilianzia kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano baharini, karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Ilipima eksirei za angani, ikaonyesha kuwa kati ya galaksi za makundi kama Perseus si patupu: pamejaa gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi.

Baadaye ikaeleweka kuwa gesi hiyo ikipoa huiangukia galaksi ya katikati. Shimo linashiba, linatema nishati, gesi inapata moto tena, chakula kinapungua.

Nilipomweleza bibi, alikumbuka tanuru refu la chuma la Wafipa, lisilotumia mivukuto. Bila mkaa na hewa, ni udongo tu.

Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti ule, alipata Nobel mwaka 2002. Mimi shuleni nilifundishwa Galileo, Malindi sikuisikia. Bahari yetu, neno letu, halafu hadithi tunaisimuliwa na wengine. Mnasemaje?