Kigingi cha Zeze na Kinanda cha Studio

Juma hili naomba tukae na kitu ambacho kwa urefu hakikizidi sana kidole cha shahada. Nacho ni kigingi cha mti kinachokaza uzi wa zeze. Najua wapo watakaosema kwamba nchi ina mambo makubwa ya kuzungumza. Ni kweli yapo, na yana wasemaji wengi. Kigingi hakina msemaji.

Zeze lenyewe nililinunua Bariadi mwezi wa Februari, mvua zikiwa zinanyesha, kwa mzee mmoja fundi anayeishi upande wa Itilima. Ni zeze la uzi mmoja, la kupigwa kwa upinde. Lina kibuyu kilichowambwa ngozi ya mbuzi, mpini wa mti mgumu, na uzi uliotolewa kwenye waya wa breki ya baiskeli. Nikamwamkia, "Mwadila, guku," naye akanijibu na kunipa kigoda. Bei tulielewana upesi, somo ndilo lililochukua muda. Kila nilipokizungusha kigingi, uzi ulikaza, na kila nilipokiachia, kilirudi nyuma kama mbuzi aliyekataa kamba. Mzee akaniangalia kwa huruma. "Usizungushe tu, mwanangu. Zungusha huku unasukuma ndani." Kisha akacheka na kuniuliza kama najua neno sukuma kwao lina maana gani. Nilijua: kwa Kisukuma ni kaskazini. "Basi," akasema, "sukuma kaskazini."

Hebu nieleze, maana wengi wetu tumezoea gitaa la dukani. Kigingi cha zeze hakina meno wala parafujo. Ni kijiti kilichochongwa kikawa chembamba kuelekea upande mmoja, kikapitishwa kwenye tundu lililotobolewa kwa umbo hilo hilo, na kinachokishika pale ni msuguano wa mti kwa mti, basi. Katika gitaa unazungusha kishikio mara 14 au zaidi ndipo mhimili unaobeba uzi uzunguke mara moja, hivyo ukikosea kidogo sikio halitambui. Katika zeze, mkono ukizunguka mara moja na kigingi kimezunguka mara moja. Upana wa ukucha ukizidi, sauti imeruka.

Tena mti ni kiumbe cha majira. Wakati wa mvua ulivimba, kigingi kikawa kinang'ang'ania. Ilipofika Julai, vumbi la Bariadi likatimka na hewa ikakauka, mti ukasinyaa na uzi ukalegea usiku wenyewe bila kuguswa na mtu. Nimejifunza kwamba chaki ya ubaoni husaidia kushika, sabuni ya mche iliyokauka husaidia kuteleza, na kazi yote ni kutambua kipi kati ya hivyo viwili kimepungua. Mafuta usithubutu.

Sasa tuingie katika historia. Jina zeze limebeba vyombo zaidi ya kimoja. Kamusi za zamani za Kiswahili zinataja zeze la kudonoa kwa kidole, lenye fimbo na kibuyu. Bara, kwa Wagogo, Wanyamwezi na Wasukuma, jina hilo wamepewa pia ndugu zake wa kupigwa kwa upinde. Ukivuka bahari hadi Madagascar utakuta chombo cha fimbo na kibuyu kiitwacho jejy. Ukilitamka jina hilo taratibu, utasikia ujirani. Bahari ya Hindi ilipitisha mengi zaidi ya karafuu.

Safari za namna hiyo hazikuwa zetu peke yetu. Agosti 1879 meli iitwayo Ravenscrag ilifika Honolulu, katika visiwa vya Hawaii, ikiwa na Wareno zaidi ya 400 kutoka kisiwa cha Madeira waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwamo mafundi seremala watatu, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Walikijua chombo kidogo cha kwao chenye nyuzi nne, nao wakaanza kukitengeneza kwa mbao za huko. Wenyeji wakakipa jina la ukulele, na Mfalme Kalākaua akakipenda hata kikapigwa ikulu. Ile ndogo iitwayo soprano, hadi leo mafundi wengi wa mkono huiwekea vigingi vya msuguano, kwa sababu kichwa chake ni chepesi na vyuma vya meno hukilemea. Wenye ukulele hizo hulalamika kama ninavyolalamika mimi. Nimefarijika kujua kwamba kuna mtu Honolulu naye anasukuma ndani.

Karibu na kwetu, udi wa taarabu una vigingi vya mti pia. Klabu ya Ikhwani Safaa ya Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1905, imepita katika mikono ya vizazi kadhaa vya watu waliokaza nyuzi kwa vidole na sikio. Na marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, alilipeleka zeze la nyuzi kadhaa hadi kwenye majukwaa ya Ulaya. Halikuwa na chuma cha meno, na sijasikia Mzungu aliyedai fedha yake arudishiwe.

Siri ya kigingi cha msuguano ni kwamba hakina mahali pake maalumu. Mpigaji wa zeze huanza kwa kuisikiliza sauti yake mwenyewe siku ile. Akiwa na mafua ataushusha uzi, akiwa ameamka vizuri ataupandisha. Chombo humfuata mwimbaji. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akirekodi muziki wa Afrika, alipita Tanganyika na mashine zake. Alikuwa na vyuma vidogo vyenye umbo la uma ambavyo ukivigonga hutoa sauti moja isiyobadilika, akavitumia kupimia vyombo vya wenyeji. Alifanya hivyo kwa kuwa aliona mapangilio yao ya sauti hayalingani na ya piano ya Ulaya, na alihofia kwamba yatapotea. Miaka minne baadaye alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini, na vipimo vile vikahifadhiwa.

Mwaka mmoja baada ya safari yake, yaani 1951, Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo. Redio ikawa mlezi mkubwa wa muziki wetu, nami nimekula mkate wake. Ndiyo maana nasema haya kwa aibu.

Mwaka 2005, Bariadi ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Shinyanga (Mkoa wa Simiyu ulizaliwa 2012), nilimpeleka mzee mmoja mpiga zeze katika studio ya mji mmoja wa Kanda ya Ziwa. Nilikuwa kijana, diploma yangu ina wino mbichi. Fundi mitambo alitaka kuweka kinanda cha umeme nyuma ya wimbo, ili uchangamke. Akabonyeza kitufe, akamwambia mzee akaze uzi ufikie pale. Mzee akakaza, kigingi kikarudi. Akakaza tena, kikarudi tena. Chumba kilikuwa na kiyoyozi, hewa kavu kama ya Agosti, na saa ilikuwa ikihesabiwa kwa fedha. Mara ya nne nikasema mimi, kwa kinywa changu, "Mzee, weka chini hilo zeze, imba tu." Akaliweka. Akaimba akikifuata kinanda, na wote tuliokuwamo tukapiga makofi.

Mzee yule amefariki. Fundi wa Itilima, nilipomtajia jina lake, alinyamaza, kisha akaniambia zeze la marehemu ni yeye aliyelichonga.

Nilipofika nyumbani niliitafuta ile kanda. Fundi mitambo alisahau kukata mwanzo wake. Kabla ya kinanda kuingia, mti unasikika ukilia mara mbili ndani ya tundu, halafu mzee anaguna kwa sauti ya chini akitafuta pa kuanzia. Niliirudia sehemu hiyo, nikakishika kigingi changu, nikasukuma ndani hadi uzi ukaoana na mguno wake. Kisha nikakiendea kinanda kidogo cha binti yangu ili niijue sauti ile ni ipi. Nikabonyeza kitufe kimoja, ilikuwa juu yake. Nikabonyeza kinachofuata kushoto, ilikuwa chini yake. Hapakuwa na kitufe kingine katikati.