Mawese ya Rumonge, jina lisilo na chombo

Tangu mwaka 2025 Rumonge si mkoa tena. Ulizaliwa Machi 2015, ukaishi miaka kumi, kisha mgawanyo mpya wa Burundi katika mikoa mitano ukauweka mji huu wa Ziwa Tanganyika ndani ya Burunga. Jina limebaki kwa komini, na limebaki sokoni: mtu akiyasifu mawese, hutaja Rumonge. Lakini chombo chenyewe hakisemi lolote. Ni bidoni ya manjano iliyokwisha kubeba mafuta ya mtu mwingine, na mara nyingi chapa ya huyo mwingine bado inasomeka ubavuni.

Historia ya mwambao huu huanzia kwa wageni. Stanley na Livingstone wana jiwe lao Mugere, la kumbukumbu ya Novemba 1871. Mapadre Weupe walifungua misheni Rumonge mwaka 1879, na Mei 4, 1881 wakauawa wamisionari watatu. Wakaja Wajerumani, wakaja Wabelgiji. Mchikichi hauna jiwe, ingawa ndio uliolisha nyumba na kulipa ada za shule.

Mchikichi wa zamani una kokwa lenye ganda nene na mafuta haba. Mwaka 1941, Yangambi huko Kongo, Mbelgiji Beirnaert na mwenzake walieleza jinsi mche wa ganda nene ukizalishwa na usio na ganda unavyotoa tenera, yenye ganda jembamba na nyama nyingi ya mafuta. Mashamba ya kisasa ya Rumonge yanatokana na elimu hiyo.

Katika mashamba hayo ndipo ugomvi wa ardhi ulipoota mizizi. Aprili 29, 1972 waasi walishambulia Rumonge na Nyanza-Lac wakaua raia wa Kitutsi. Jeshi likajibu kwa kuwaua Wahutu nchi nzima. Watu wa mwambao walikimbilia Tanzania na Zaire, wengi bila hata kufunga mlango. Ardhi yao ikapewa wengine, na sehemu yake ikaingizwa katika mradi wa serikali wa michikichi. Waliporudi, wakiwamo wale wa makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu huko Tanzania, walikuta shamba la baba limejaa miti ambayo baba hakuipanda. Aliyeipanda naye alikuwa amezeeka nayo, na watoto wake wamezaliwa pale.

Nani mwenye mali? Mchikichi huzaa miaka ishirini na zaidi, hivyo kila upande una ushahidi uliosimama wima. Tume ya Ardhi na Mali Nyingine iliundwa mwaka 2006. Mwanzoni iliegemea kugawana. Baada ya 2011 iliegemea kumrudishia mkimbizi yote, na hasira zikapanda Rumonge. Nasema wazi: anayetaka kuyasifu mawese haya bila kuutaja mwaka 1972 anawadhulumu wote wawili, aliyefukuzwa na aliyepalilia.

Turudi kwenye chombo. Amri ya Agosti 2018 ilipiga marufuku mifuko na vifungashio vingi vya plastiki, ila bidoni ikaendelea na kazi.

Mbona wengine wameweza? Nyumba ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, iliyoanzishwa 1887, huchapa "Mali ya Abdulla" kwenye kanga zake, na mnunuzi anajua anachofunga kiunoni. Brarudi ya Bujumbura nayo huuza Primus ikiwa na jina lake. Mafuta ya Rumonge yanastahili heshima hiyo, walau toleo moja la kiangazi, kuanzia Juni, mvua zikishakatika.

Mchoraji apatikane mwambaoni. Asituchoree twiga. Achore ndagala, yaani dagaa, walioanikwa mchangani, taa za wavuvi katika usiku usio na mwezi, na vichana vya chikichi vikishushwa kwa panga. Chombo kiwe kopo au chupa ya rangi nzito, maana mwanga huharibu wekundu wa mawese, na mdomo uwe mpana, kwani yakipanda milimani Bururi kwenye baridi huganda. Juu yake liandikwe Rumonge, kwa herufi kubwa, na chini yake jina la ushirika wenye shamba. Mahali ambapo kesi haijaisha, yaandikwe majina ya pande zote mbili.